Nilimwandika mdogo wangu kuwa mtegemezi, kumbe ana mshahara wake

Bi. Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Tanga, miaka 39, naishi Brooklyn Park, Minnesota, huu mwaka wa 12. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mwaka 2024 niliingiza dola 52,000. Sijaoa, sina mtoto. Agosti 2022 mdogo wangu alikuja huku baada ya kupata grini kadi kwa bahati nasibu, nikampa chumba cha pili. Baba yetu mmoja, mama mbalimbali, lakini kwetu hatuna habari hizo. Huyu nimembeba mgongoni. Alizaliwa Juni 2000. Januari 2023 akaanza chuo, masomo ya muda wote, na jioni anapakia mizigo kwenye ghala.

Pango nalipa mimi. Mchele, umeme, simu, bima ya gari analoendea kazini, vyote mimi. Hata ada iliyobaki baada ya msaada wa serikali nililipa mimi: dola 2,400 mwaka 2023 na dola 2,600 mwaka 2024. Kwa hiyo kwenye ritani ya kodi (hesabu ya mapato tunayopeleka serikalini kila mwaka) ya 2023, jamaa anayenitengenezea (anafanyia kazi sebuleni kwake, dola 350 taslimu) alipomwandika mdogo wangu kuwa mtegemezi wangu, na mimi kuwa mkuu wa kaya, sikuona kosa. Ni kweli ananitegemea. Februari mwaka huu nikarudi kwake na karatasi za 2024. Aliniuliza swali moja tu: "Bado unakaa na yule kijana?" Nikasema ndiyo. Tukamaliza kabla chai haijapoa.

Machi mdogo wangu akajaribu kutuma ritani yake mtandaoni, ikakataliwa. Ikasema namba yake ya Social Security imeshatumika kwenye ritani ya mtu mwingine. Akadhani ameibiwa namba. Siku mbili nzima anapigia benki simu, hajui kwamba mwizi anakula naye sinia moja. Mwenzake wa chuoni akamwelekeza aweke alama kwenye kisanduku kinachosema kuna mtu anayeweza kumwandika kuwa mtegemezi, ikapita. Hakuniambia, nami sikujua.

Mwezi uliopita alikuwa anatafuta karatasi za bima kwenye droo yangu, akaiona ritani yangu ya 2024. Niliporudi kazini asubuhi niliikuta mezani, jina lake limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Akaniambia, "Kaka, mwaka huo mimi nimeingiza dola 11,400. Mtegemezi wako ni yupi?" Tangu siku hiyo anakula chumbani kwake, na kila Ijumaa nakuta dola 50 kwenye friji zimebanwa na sumaku. Sijazigusa. Zimefika 200.

Wenzangu kazini wanasema nikae kimya, eti ukijipeleka mwenyewe IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, watakufukulia miaka yote. Yule jamaa naye anasema dawa yake ndogo: tumtoe mdogo wangu, tumwingize mama, kwa kuwa namtumia dola 300 kila mwezi huko Tanga na risiti za simu ninazo. Na mwezi wa tatu mwakani nilitarajia kuomba uraia. Nifanyeje, Bi.? Na nikuulize bila kuficha: nimeiba?

Kaka Mtu, Brooklyn Park


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo mkononi, maana mtu anayekesha kazini halafu mchana hapati usingizi, mara nyingi kinachomkereketa ni kutojua ni shilingi ngapi. Basi ni hizi: dola 1,475 za serikali kuu, na riba juu yake. Jimbo la Minnesota nalo lina lake, nitafika huko.

Nimezipataje? Kwa mwaka 2024 mkuu wa kaya alisamehewa dola 21,900 za mwanzo kabla kodi haijaanza kuhesabiwa. Asiyeoa wa kawaida alisamehewa 14,600. Ulivyoandikwa wewe, kodi ilihesabiwa kwenye dola 30,100, ikatoka 3,284, kisha ukapunguziwa 500 za mtegemezi, ikabaki 2,784. Ukiandikwa ulivyo, inahesabiwa kwenye dola 37,400, inatoka 4,259, na hakuna cha 500. Watu wengi hudhani kumtoa mtegemezi mtu mzima ni kurudisha zile 500 tu. Wanasahau kwamba huyo mtegemezi ndiye aliyekuwa anakushikilia ukuu wa kaya. Akishuka yeye, nawe unashuka.

Nimekadiria kwamba huna kipato kingine zaidi ya mshahara. Kama unacho, hata cha kupeleka vyakula kwa gari mwishoni mwa wiki, hesabu itasogea.

Sasa kosa liko wapi? Kwanza, mwaka 2023 hukukosea, na hili uliweke moyoni kabla hatujaendelea, kwa sababu ndilo lililokupoteza 2024. IRS ina milango miwili ya mtegemezi. Wa kwanza wanauita wa mtoto, jina linalodanganya, kwa sababu humo anapita hata kaka, dada, mpwa na mjukuu. Masharti ni kwamba awe mdogo kwako, mmekaa pamoja zaidi ya nusu ya mwaka, hajigharamii mwenyewe zaidi ya nusu ya matumizi yake, na mwaka unapokwisha awe hajatimiza miaka 19, au 24 kama ni mwanafunzi wa muda wote. Mshahara wake humo hauulizwi. Tarehe 31 Desemba 2023 mdogo wako alikuwa na miaka 23 na yuko chuoni, akapita vizuri, na ukuu wako wa kaya ulikuwa halali.

Juni 2024 akatimiza 24. Mlango ule ukafungwa. Ukabaki wa pili, wa jamaa, ambao umri hauna habari nao lakini mshahara unao. Kwa mwaka 2024 kipato chake kilitakiwa kiwe chini ya dola 5,050. Kwa huu wa 2025 ni 5,200. Yeye aliingiza 11,400. Habari imeishia hapo. Hata kama kila punje ya mchele katika nyumba ile ilitoka mfukoni mwako, swali la nani anamlisha nani halifikiwi, kwa kuwa ameshakwama kwenye mshahara. Jamaa yako wa sebuleni alipouliza kama bado mnakaa pamoja aliuliza swali ambalo jibu lake halikuwa na kazi. Alitakiwa kuuliza kijana ana miaka mingapi sasa, na W-2 yake, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka, inasomeka ngapi.

Umetaja baba mmoja mama mbalimbali kana kwamba unaungama kitu. Haidhuru, kwa IRS ndugu wa baba mmoja ni ndugu kamili. Ila nalisema kwa wengine wanaosoma, maana hapa ndipo watu wetu wanaponaswa sana. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni kaka yako, hakuna mwenye akili timamu atakayemwita jina lingine. Kwao ni binamu, na binamu hayumo kwenye orodha ya ndugu. Mlango wa kwanza hapiti kabisa, na wa pili anapita tu akiwa amekaa chini ya paa lako mwaka mzima, Januari hadi Desemba, pamoja na yale masharti mengine ya mshahara na matunzo. Nimeshaona ritani imeandikwa "kaka" kwa moyo mweupe kabisa, na barua ikaja.

Kuhusu mama, mwanangu, usimguse. Mtu hawezi kuwa mtegemezi kwenye ritani ya Marekani kama si raia wa huko, wala mkazi wa huko kwa sheria ya kodi, wala mkazi wa Canada au Mexico. Tanga haimo. Ungemtumia dola 300 au 3,000, risiti zikajaa droo, jibu ni lilelile. Wala fedha hizo hazihesabiwi kuwa sadaka ya kupunguzia kodi. Zinazohesabiwa ni zile za taasisi zinazotambuliwa, si za mzazi. Inauma, najua, maana kama kuna mtu duniani anayekutegemea kwa maana ya Kiswahili ni yeye. Siku atakapopata grini kadi na kuja kukaa huko, kipato chake kikiwa chini ya kiwango na wewe ukimgharamia zaidi ya nusu, utamwandika bila wasiwasi, na ukuu wa kaya utaurudishiwa. Leo hapana. Na tazama anachokushauri huyo bwana: la kwanza ulikosea kwa kutojua, hili la pili utakuwa unalifanya macho makavu, baada ya kuambiwa.

Ndiyo jibu la swali lako la mwisho. Hujaiba. Lakini tangu asubuhi ile ya kalamu nyekundu unajua, na anayejua akanyamaza hahesabiwi sawa na asiyejua.

Hao wenzako wanaosema ukae kimya wana sababu moja ya kueleweka: ritani ya marekebisho inasomwa. Hilo kweli. Lakini W-2 ya mdogo wako ilishapelekwa serikalini na mwajiri wake, na jina lake na namba yake viko kwenye ritani yako, kwa hiyo kompyuta haihitaji mpelelezi. Kwa kawaida wana miaka mitatu ya kuligundua. Wakitangulia wao, wanaweza kukuongezea adhabu ya asilimia 20 ya kodi iliyopungua, kwako ni dola 295, na wakiona ulipuuza sheria makusudi wanaweza kukuzuia kulidai punguzo hilo la mtegemezi kwa miaka miwili. Ukitangulia wewe, kabla hawajakuandikia lolote kuhusu ritani hiyo, ile asilimia 20 haikuhusu. Unalipa kodi yenyewe na riba. Riba inahesabiwa tangu tarehe 15 Aprili 2025, na kwa 2025 ni asilimia 7 kwa mwaka. Ukilipa katikati ya Novemba hii inakuja kama dola 60. Kukaa kimya kwa hofu ya dola 60? Mficha uchi hazai.

Fomu yenyewe ya marekebisho inaitwa 1040-X. Ina safu tatu za tarakimu: ya kwanza unaandika ulivyosema mwanzo, ya tatu inavyotakiwa kuwa, na ya katikati ni tofauti. Unabadilisha hadhi yako kutoka mkuu wa kaya kuwa asiyeoa, unamtoa mdogo wako kwenye wategemezi, unaondoa zile 500. Halafu kuna nafasi ya kueleza sababu, na hapo ndipo watu wanaharibu kwa kuandika waraka. Usiwasimulie habari za ghala, friji wala upendo wa ndugu. Andika kwa Kiingereza chako cha kawaida maneno ya namna hii: mtegemezi ameondolewa kwa kuwa alikuwa na miaka 24 mwisho wa mwaka 2024 na kipato chake kilizidi kiwango, hadhi imerekebishwa kuwa asiyeoa, punguzo la dola 500 limeondolewa. Nukta. Fomu ya 2024 inatumwa mtandaoni kama ile ya kwanza. Inachukua wiki 8 hadi 12 kushughulikiwa, wakati mwingine hadi 16, kwa hiyo usianze kuhangaika wiki ya tatu.

Fedha lipa siku hiyohiyo, moja kwa moja kutoka akaunti yako ya benki kwenye tovuti ya IRS, ukichagua kwamba ni malipo ya ritani ya marekebisho ya mwaka 2024. Watu huchagua mwaka unaoendelea kwa haraka, fedha zikaingia mahali pasipo deni, kazi ikawa kuzisaka. Riba usijisumbue kuihesabu, watakuletea bili yake. Na kama 1,475 huna kwa mkupuo, lipa unachoweza, kinachobaki omba muda. Wanatoa hadi siku 180 bila ada ya kufungua mpango, ingawa riba haisimami.

Minnesota inakwenda na ya serikali kuu. Nayo ilikupa hadhi ya mkuu wa kaya na msamaha wa mtegemezi, kwa hiyo inatakiwa fomu ya marekebisho iitwayo M1X, ndani ya siku 180 tangu urekebishe ile kubwa. Zitengeneze zote mbili meza moja, usiiache ya jimbo ikalala. Msomaji aliye Texas anaweza kuruka aya hii, kwao mshahara hautozwi kodi ya jimbo.

Sasa nifike mahali ambapo, nikiri, niliposoma barua yako mara ya pili nilicheka peke yangu. Umeitaja ada ili kuonyesha jinsi unavyomtunza mdogo wako, ukapita. Rudi hapo. Je, kwenye ritani ya 2023 yule jamaa alikuuliza habari ya fomu 1098-T, ile karatasi ya chuo inayoonyesha ada? Kama hakuuliza, kuna fedha mmeziacha mezani. Lipo punguzo la elimu kwa miaka minne ya mwanzo ya chuo: dola 2,000 za kwanza za ada unarudishiwa zote, na 2,000 zinazofuata unarudishiwa robo. Mwaka 2023 mdogo wako alikuwa mtegemezi wako halali, kwa hiyo punguzo ni lako. Kwa ada ya 2,400 ni dola 2,100. Zaidi ya deni lako la 2024 lote. Utaliomba kwa 1040-X nyingine, ya mwaka 2023, pamoja na fomu 8863, ya kuombea punguzo la elimu, na mlango wa kuomba uko wazi hadi Aprili 2027. Masharti yapo: awe amesoma angalau nusu ya muda, kwenye masomo ya kupata shahada au cheti kinachotambulika, na ada inayohesabiwa ni ile tu iliyotoka mfukoni baada ya kuondoa msaada. Ila usiseme utasubiri hizi ndipo ulipe zile. Deni linazaa riba kila siku, na ritani za marekebisho hazina haraka.

Ya 2024 sasa. Kwa kuwa mwaka huo si mtegemezi wako, punguzo la zile 2,600 si lako tena. Ni lake yeye, hata kama hela zilitoka kwako, kwani ada uliyomlipia mtu asiye mtegemezi wa mtu huhesabiwa kwamba kalipa mwenyewe. Kwa 2,600 punguzo ni 2,150. Yeye kodi hadaiwi kwa kipato kile, lakini asilimia 40 ya punguzo hili hutolewa hata kwa asiyedaiwa kitu, yaani dola 860. Na hapa sheria ina kichekesho chake: kijana wa chini ya miaka 24 aliye kwenye hali kama yake mara nyingi hiyo asilimia 40 haipati. Siku yake ya kuzaliwa ile ya Juni 2024 imemtoa kwenye ritani yako na kumfungulia ya kwake. Kwa kile kisanduku alichoweka alama ili ritani ipite, alijinyima. Naye atatuma 1040-X, akiondoa alama ile na kuambatisha 8863. Asubiri kwanza yako ishughulikiwe ili karatasi zenu zisipishane. Ana muda hadi Aprili 2028. Na mwaka huu ametimiza 25, umri ambao mfanyakazi wa kipato kidogo asiye na mtoto anaweza kuomba lile punguzo la kipato cha kazi, mradi hakuna aliyemwandika. Mwambie alifuatilie mapema mwakani.

Hizi karatasi nne au tano usimpelekee tena bwana yule. Angalia ritani yako ukurasa wa mwisho, mahali pa mtayarishaji: nabashiri pamebaki patupu, au pameandikwa kwamba umejitengenezea mwenyewe. Kisheria mtu yeyote anayelipwa kutengeneza ritani lazima aweke saini na namba yake aliyopewa na IRS. Asiyesaini anajua kwa nini hasaini, na siku barua ikija utakuwa wewe na jina lako tu, kwa kuwa anayewajibika na kilichomo ni mwenye ritani. Kuna fomu 14157 ya kumlalamikia mtayarishaji. Kuituma au kutoituma ni uamuzi wako, mimi najua jamii zetu na misiba tunayokutana. Lakini kuna vituo vya kujitolea vinavyotengeneza ritani bure kwa watu wa kipato kama chako, vinaitwa VITA, vingine viko maktaba na kwenye vituo vya jamii. Vingi hufunga Aprili, vichache hubaki wazi mwaka mzima, na si kila kituo kinashughulikia marekebisho, kwa hiyo piga simu kwanza. Barua ya IRS ikikutangulia kabla hujatuma chochote, jaribu kliniki za walipakodi wa kipato kidogo, hizo zina mawakili, ingawa kipato chako huenda kikazidi kiwango chao.

Uraia. Fomu ya kuomba, N-400, inauliza kama una deni la kodi lililopita muda wake. Inauliza na mengine ya kodi, na maswali hayo unayajibu chini ya kiapo. Mtu aliyerekebisha kwa hiari na risiti ya malipo anayo ana la kuonyesha. Mimi ningekaa hadi marekebisho yaonekane kwenye kumbukumbu za akaunti yako ya IRS, hata kama Machi itageuka Mei, halafu wakili wa uhamiaji azione ritani zote, ya kwanza na iliyorekebishwa, kabla hujatuma ombi. Hilo la wakili usilibanie hela. Mimi ni mtu wa hesabu, uhamiaji si fani yangu.

Nimebakiza chumba cha pili. Mdogo wako hakununa kwa sababu ya 500 za serikali. Kijana amepakia mizigo mwaka mzima jioni baada ya darasa, ameona jasho lake lina tarakimu, dola 11,400, halafu akakuta kwenye karatasi ya kaka yake yeye bado yuko mgongoni. Na zile siku mbili alizohangaika na benki alikuwa peke yake. Mwombe radhi kwa hizo siku mbili, kwa kuzitaja. Usianze na "mimi nimekulea"; anajua. Muwekee mezani 1098-T zote mbili na umwonyeshe zile 860 kwa kidole, kama alivyokuonyesha yeye jina lake.

Na dola 50 za Ijumaa zichukue kwenye friji. Ni mchango wa pango wa mtu mzima mwenye mshahara, ndivyo utakavyowaandikia IRS wiki hii, na hutaweza kuwaambia wao jambo moja na kumwambia yeye jingine. Kubalianeni kiasi, kiwe cha mwezi, aache habari ya sumaku.

Kisha Jumatatu kabla ya zamu pitia ofisi ya mishahara uombe fomu W-4 mpya, ile ya kumwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani. Ya sasa, kama ulimfuata yule jamaa, bado inasema mkuu wa kaya mwenye mtegemezi mmoja, maana yake mwaka mzima huu wamekukata kodi pungufu na Aprili utadaiwa tena. Weka asiyeoa, futa zile 500, na kwenye mstari wa nyongeza omba wakukate kitu zaidi kwa kila mshahara hadi Desemba. Imebaki michache.